Mashimo Matatu, Bwawa Moja

Mfereji ulipasuka asubuhi moja baada ya mvua kubwa, na maji yote yaliyokuwa yakiteremka kutoka mlimani yakaingia kwenye shamba letu la viazi vitamu. Nilitoka mbio na jembe kwenda kuyazuia. Nilipofika chini kabisa, kwenye kibonde kinachomalizia shamba, nikasimama. Maji yalikuwa yametulia pale, mapana kama ua wa nyumba, na bata wa jirani walikuwa wameshaingia wanapiga mabawa. Jua lilikuwa linachomoza upande wa tambarare, na maji yakawaka. Nikajikuta nacheka peke yangu, jembe begani, miguu ndani ya tope.

Mama mkwe wangu alitokea juu, kwenye mlango wa jiko.

"Mukamwana! Viazi inakufa, na weye unasimama unacheka?"

"Mama, kuja uangalie! Maji imekaa. Haiende."

"Ninaiona tokea hapa. Fanya kazi."

"Tuchimbe bwawa, Mama. Bwawa ya samaki, hapa kwetu nyumbani."

Aliteremka polepole mpaka akafika nilipokuwa, akayatazama maji, akanitazama na mimi.

"Tulikimbia vita, tukavuka muto na vitu juu ya kichwa," akasema. "Sasa unataka muto itufuate mpaka mulangoni?"

Akachukua jembe mikononi mwangu, akaanza kuziba mfereji mwenyewe.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini, nami nilikuwa mke kijana ambaye bado hajazaa. Nilikuwa nimevuka mto Lubiriha, mpaka wa Kongo, miaka kadhaa kabla, nikiwa msichana, pamoja na shangazi yangu, vita vilipotutoa upande wa Butembo. Mume wangu na mama yake walivuka msimu uleule. Tulikutana kanisani Bwera, tukaoana, na tukapata shamba kwenye mteremko juu ya barabara. Mume wangu alinunua kahawa kwa wakulima na kuipeleka Kasese kwa lori la rafiki yake, kwa hiyo siku nyingi za juma nyumba ilikuwa ya wanawake wawili: mimi na mama yake.

Hamu yangu ya bwawa haikuanza siku ile. Kule kwetu nilisoma kwa masista waliokuwa na mabwawa ya samaki nyuma ya shule. Kila darasa lilikuwa na zamu ya kulisha. Ulikuwa unasimama kwenye ukingo, unarusha majani ya mihogo, na kwanza huoni kitu. Halafu maji yanaanza kutikisika, halafu midomo midogo inatokea huku na kule, mara pote panachemka mithili ya sufuria. Nilikuwa naomba zamu za wenzangu. Tulipokimbia, nililia kwa mambo mengi, na mabwawa yale yalikuwa mojawapo, ingawa sikumwambia mtu, maana watu walikuwa wamepoteza makubwa zaidi.

Mume wangu aliporudi Jumamosi kutoka Kasese, sikumwacha hata aweke mfuko chini. Nilimweleza yote pale mlangoni: maji, bata, masista, midomo ya samaki. Nilitegemea aseme tutaona. Badala yake alitupa mfuko kitini.

"Bibi, umefikiri muzuri! Kwa nini hatukufanya zamani? Nimeona moja pale Kasese, nyumbani kwa muzungu mumoja. Iko mbele ya nyumba, iko na maua pembeni. Ukiketi kwenye baraza unaiona."

"Ile ni ya kuangalia tu. Mimi nataka ya kula."

"Yetu itakuwa ya kuangalia na ya kula! Tutaiweka mbele, karibu na njia. Batu benye kwenda soko ya Mpondwe batasimama, bataangalia."

"Njiani?" nikasema. "Watu wataiba samaki wote."

"Na weye unataka wapi?"

"Chini, kwenye kibonde. Maji imeshaonyesha mahali inapenda."

Mama yake alikuwa amekaa karibu na moto anachambua maharage. Tulidhani hasikilizi.

"Kama muko na wazimu wa kuchimba," akasema, "bwawa itakuwa nyuma ya jiko. Haitakuwa mahali pengine."

"Nyuma ya jiko, Mama? Juu ya nini?" mwanawe akamuuliza sababu.

"Juu mutoto akianguka, nitamuona."

"Mutoto gani? Hatuna mutoto."

"Atakuja," akasema, akaendelea na maharage yake.

Nilihisi uso wangu unawaka. Lakini furaha ya bwawa ilikuwa imeshatupanda kichwani. Usiku ule tulichelewa kulala tukibishana kama watoto wanaogombania embe: mbele, chini, nyuma ya jiko. Mwishowe mume wangu akatoa njia. Kila mmoja achimbe shimo mahali anapopataka, la kufika kiunoni. Jioni tuyajaze yote maji, tuyafunike kwa majani ya migomba, na asubuhi tuone shimo la nani limeyatunza.

Jumapili baada ya misa tukaanza. Sijui nani alieneza habari, lakini kabla hatujafika magotini watu walikuwa wamekuja kutazama. Wa kwanza alikuwa jirani yetu, mwanamke mwenyeji wa Kikonzo mwenye wale bata. Alikuwa rafiki yangu mkubwa, mtu wa maneno mengi na kicheko cha kusikika ng'ambo ya bonde. Alizunguka kutoka shimo moja hadi jingine akitupigia kelele.

"Mnatafuta dhahabu?"

"Tunatafuta samaki!" nikamjibu.

"Ardhini? Basi mimi nitaenda ziwani kuchimba viazi."

Lakini hakuondoka. Alivua kanga yake ya mabegani, akashuka kunisaidia, na tangu saa ile akawa upande wangu. Mume wangu alichimba mbele ya nyumba bila shati, akisalimiana na kila apitaye njiani. Shimo la mama mkwe lilichimbwa na mwanawe pia, kwa sababu alimwamuru, huku yeye amesimama juu yake anamwelekeza: panua, nyoosha, hapo bado. Jioni tulichota maji kwenye mfereji kwa ndoo, tukayajaza mashimo yote.

Asubuhi niliamka kabla ya kuku wote wa nyumba ile. Nilitaka kwenda peke yangu, nikamkuta mama mkwe yuko mlangoni amejifunga kitenge, na mume wangu nyuma yake anatafuta viatu. Tukaanza na shimo la mbele. Mume wangu aliinua majani ya migomba kwa madaha, na chini yake hapakuwa na kitu. Hata unyevu ulikuwa umeanza kukauka. Udongo wa mbele ulikuwa wa changarawe, na maji yalikuwa yamepita humo kama kwenye chujio.

"Kuna mutu amekunywa," akasema.

Tulicheka mpaka mama mkwe akashika ukuta. Tukaenda nyuma ya jiko. Shimo lake lilikuwa na maji karibu yote, yamepungua kama upana wa kiganja tu. Nilimwona anavyojinyoosha. Halafu tukashuka kibondeni, na mimi nikaanza kukimbia kabla hatujafika, kwa sababu nilikuwa nimeyaona kwa mbali: shimo langu lilikuwa limefurika. Maji yalikuwa yamepanda yenyewe kutoka chini, yamejaa, yanamwagika pembeni. Nilipiga vigelegele. Jirani alitoka kwake akanikuta nacheza, naye akacheza bila kuuliza sababu.

"Nimeshinda!" nikawaambia. "Hapa maji haiishi!"

Mume wangu alinipa mkono kama mtu anayekubali kushindwa kwenye mpira. Mama mkwe aliinama, akachota tope kidogo, akalisugua kati ya vidole.

"Tungojee mvua," akasema.

Sikutaka kungoja chochote. Siku ileile nilianza kupima kwa kamba ya migomba, nikaweka vijiti, nikawaza niweke wapi ngazi za kushukia. Nilimchosha kila mtu kwa habari za bwawa langu. Halafu, kabla ya juma kwisha, mvua ikaja mchana, mvua ile ya huku ambayo inaanza milimani na unaisikia kabla ya kuiona. Nilisimama chini ya paa la jiko nikitazama kibonde. Kwanza maji yalitiririka kidogo kidogo kutoka pande zote. Halafu yakakutana, yakawa rangi ya chai ya maziwa, na yakashuka kwa nguvu yakibeba magogo ya migomba, mawe, na kuku mmoja wa jirani aliyekuwa anapigania maisha yake. Vijiti vyangu viling'oka kimoja kimoja. Mvua ilipokatika nilikwenda kulitafuta shimo langu, sikuliona. Lilikuwa limejaa mchanga mpaka juu, limesawazishwa kama halikuwahi kuchimbwa.

Machozi yalinitoka. Mama mkwe alikuja akasimama karibu nami. Nilimngojea aseme kwamba alijua.

"Samaki yako ingekuwa imefika Lubiriha sasa," akasema. "Ingekuwa imerudia Kongo. Sisi tungebaki wakimbizi, yenyewe imerudi nyumbani."

Nilianza kucheka huku nalia. Naye akacheka. Akanishika mkono, tukapanda pamoja mpaka nyuma ya jiko, kwenye shimo lake, ambalo mvua ile yote ilikuwa imelijaza tu na kuliacha palepale.

Tangu saa ile bwawa likawa lake. Yeye aliyekuwa hataki hata kulisikia, sasa ndiye aliyekuwa anatuamsha. Lakini mahali pake napo palikuwa na tatizo, nalo ni mparachichi. Ulikuwa mti mkubwa, na majani yake yalikuwa yanaanguka mwaka mzima. Masista walikuwa wanatufundisha kwamba bwawa linataka jua, maana jua ndilo linaloyafanya maji yawe ya kijani, na ule ukijani ni chakula cha samaki. Tena majani mengi yakioza ndani, maji yanaharibika. Nilimweleza.

"Mti haikatwi," akasema. "Inatupa matunda."

"Basi tusogeze bwawa."

"Haitoki machoni pangu."

Hapo ndipo nilipopata kazi niliyoipenda kuliko zote. Nilijaza majivu kwenye kikapu, nikachora bwawa ardhini kama litakavyokuwa, na mchana jua lilipokuwa juu nikatazama kivuli cha mti kinafika wapi. Kilifika katikati. Nikalifuta kwa mguu, nikachora tena mbali kidogo. Jioni nikatazama tena. Mama mkwe alikuwa anaketi kwenye kigoda chake cha jikoni, mahali anapopikia kila siku, na kutoka pale anapaza sauti.

"Ninaona pembe moja tu! Rudisha!"

Narudisha. Mume wangu aliporudi Jumamosi, akaleta kiti kwenye dirisha la chumba, akachungulia kutoka humo.

"Na mimi nione! Geuza kidogo, iangalie huku!"

Nageuza. Nilichora na kufuta mpaka ua mzima ukawa mweupe na miguu yangu ikawa kama ya mtu aliyepakwa chokaa. Bwawa lilianza mraba, likawa refu, likapinda kama figo kuufuata mteremko. Mwishowe tulilipata: kivuli cha mti kiliugusa ukingo jioni tu, kigoda cha jikoni kililiona lote, dirisha la chumba liliona nusu, na choo kilikuwa mbali, upande wa chini, hakiwezi kulichafua. Tena upande mmoja wa bwawa ulikuwa juu kuliko mwingine, kwa hiyo siku tukitaka kulikausha, maji yatatoka yenyewe na kwenda kwenye migomba. Tulisimama ndani ya mstari wa majivu, watatu, kwenye ardhi kavu, na mume wangu akajifanya anaogelea.

Tulichimba kwa siku nyingi. Udongo mweusi wa juu tuliupeleka kwenye mboga, na ule mwekundu wa chini, wenye kunata, tuliujenga ukingo. Ili kujua kama ukingo uko sawa pande zote, mume wangu alilaza chupa yenye maji nusu juu ya ubao mrefu, akatazama maji ndani ya chupa yameegemea wapi. Jirani yangu alidhani ni uchawi wa Kikongo, akasema hivyo kwa sauti. Upande mmoja tulifanya wa kufika magotini, upande wa pili wa kufika kifuani, na chini kabisa tukalaza mwanzi mnene uliotobolewa vifundo, umezibwa kwa kigogo, uwe mlango wa kutolea maji.

Halafu ikaja siku ya kukanyaga. Udongo wa chini lazima ukanyagwe ukiwa na maji mpaka usivuje. Jirani alileta wanawake wa ukoo wake, mimi nikawaita wa kwetu wa kanisani, na tukaingia wote ndani ya shimo tumekunja vitenge. Mtu mmoja akaanza wimbo wa Kikonzo, na kwa kuwa Kikonzo na lugha yetu ya kule ng'ambo ni ndugu, kila mmoja aliuitikia. Tulikanyaga kwa mpigo mmoja, tukizunguka, tope linaturukia mpaka kwenye meno. Mama mkwe alikuwa juu ya ukingo anapika uji wa kutunywesha. Aliponiona naruka sana, akaniita.

"Weye toka. Kanyaga pole, ao utoke."

"Sijachoka, Mama!"

"Sikuuliza kama umechoka. Toka."

Nilitoka nikinung'unika. Alinitazama tumboni, akanipa kikombe cha uji. Mimi mwenyewe nilikuwa bado sijawa na hakika. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote. Nilikunywa uji ule nimeinamisha kichwa, na kelele za wale wanawake shimoni zikaonekana kama zinanishangilia mimi.

Tulipofungua mfereji, maji yaliingia kwa sauti ndogo, yakalamba sakafu ya udongo, yakaanza kupanda. Watu walisimama kandokando wametulia kama wako kanisani. Mara mwanzi ukaanza kuvuja. Mume wangu aliruka ndani na nguo zake za Jumapili, akaziba kwa udongo na matambara, akakaa pale ameuegemea kwa mgongo maji yanampanda mpaka kiunoni, akikataa kutoka mpaka ahakikishe. Ulishika.

Vifaranga vya samaki tulivipata Maliba, kwa mkulima mmoja aliyekuwa na mabwawa yake na aliyemfahamu mume wangu kwa sababu ya kahawa. Nilisisitiza kwenda mwenyewe. Tulipanda mbele kwenye lori la rafiki yake, sisi na bidoni zetu, madumu yaliyokatwa midomo. Mkulima yule alitujazia ngege wadogo wa kulingana na kidole, na tukaanza safari ya kurudi wakati jua limeshapanda. Mimi nilihamia nyuma, juu ya magunia, ili nikae nao. Samaki anahitaji hewa ndani ya maji, kwa hiyo nilikuwa nachota kwa kikombe na kumwaga kutoka juu, bidoni hii, halafu ile, bila kupumzika. Kasese tulisimama kwenye tangi la maji ya mvua la kanisa, tukabadilisha maji na kufunika bidoni kwa majani mabichi ya migomba. Dereva alikuwa amekasirika tangu mwanzo.

"Nimebeba kahawa, nimebeba mabati, nimebeba mpaka maiti," alimwambia mume wangu. "Lakini samaki ya kulelewa, hapana."

Tulipokuwa tumeiacha Kasese nyuma na joto la tambarare linapiga, tukakuta kizuizi cha barabarani. Askari mmoja alipanda nyuma.

"Fungua! Iko nini ndani?"

"Samaki, afande."

"Samaki? Samaki natoka ziwa, naenda mlima?"

"Ndiyo, afande. Iko hai. Tafadhali, isikae kwa jua."

Alifunua jani, akainama, akaingiza kidole. Samaki wote wakaruka kwa pamoja, na askari akarudi nyuma nusura aanguke kutoka kwenye lori. Wenzake chini walicheka. Nilikaza midomo isinitoke hata pumzi. Aliutazama mkono wake, akatazama tena ndani, na uso ukamfunguka kama wa mtu aliyekumbuka kwao.

"Hii nakula nini?"

"Majani, afande. Na pumba."

"Funika! Funika haraka, jua nachoma yeye!" Akaruka chini akapiga ubao wa lori. "Dereva! Pita! Usisimame!"

Dereva hakusimama. Tangu pale alibadilika kabisa, kila tulipopunguza mwendo alitoa kichwa dirishani na kupiga kelele: "Mama, watoto beko hai?" Nami namjibu beko hai, na anaongeza mwendo, na mimi namwaga maji kikombe baada ya kikombe, mkono umekufa ganzi, kifua kimejaa furaha hadi naimba peke yangu juu ya magunia.

Hatukuwamwaga papo hapo. Tuliziweka bidoni ndani ya bwawa zipate ubaridi wake kwanza, kama masista walivyokuwa wanafanya. Halafu mama mkwe akaziinamisha mwenyewe, moja moja. Wachache walielea wamekufa. Waliobaki walitoka, wakasita kidogo, wakapotea kwenye kijani.

Walipotea kwelikweli. Tulitupa majani ya viazi, tukatupa pumba, tukatupa kumbikumbi msimu wao ulipofika, na hatukuona hata mkia. Mama mkwe aliamini wamekufa wote na kwamba tunalisha matope. Hata hivyo hakukosa siku. Mdiria alipoanza kuja kutua kwenye mparachichi, alimfukuza kwa mwiko huku akimtukana kwa Kinande, lugha yetu ya ng'ambo, na mimi nikapata tumaini, maana ndege yule hakuja kwa ajili ya matope. Katikati ya hayo mtoto wetu akazaliwa, msichana, na kabla sijaweza kutembea vizuri bibi yake alikuwa ameshamsimamia mwanawe akajenga ua wa matete kulizunguka bwawa, na kilango cha kufunga kwa kamba.

Ndipo siku moja nikiwa jikoni nakanda unga, nikasikia sauti yake.

"Mukamwana! Kuja! Kuja mbio!"

Nilikimbia na unga mikononi. Alikuwa amepiga magoti kwenye upande wa maji mafupi, mtoto mgongoni, anaonyesha kwa kidole. Mwanzoni niliona kama wingu dogo la vumbi ndani ya maji. Halafu wingu likageuka lote kwa pamoja, likawa vijicho. Samaki wachanga, wembamba kama nyuzi za kushonea, hata huwezi kuwahesabu, na chini yao kivuli kikubwa cha mama yao kinakwenda polepole.

"Bamezaa," akasema kwa sauti ya chini. "Bamezaa hapa kwetu."

Alinikumbatia na unga wangu. Siku ile alitembea nyumba kwa nyumba kuwaambia watu, na waliokuja kutazama walipangwa foleni kwenye kilango.

Msimu wa kiangazi tulipolikausha kwa mara ya kwanza, tulitoa kile kigogo kwenye mwanzi na maji yakaenda kwenye migomba kama tulivyopanga. Jinsi yalivyopungua ndivyo migongo ya samaki ilivyoanza kuonekana, mpaka upande wa kina ukawa unaruka mzima. Mume wangu alikuwa wa kwanza kuingia na wa kwanza kuanguka. Jirani yangu alimkamata ngege mkubwa kwa mikono miwili, akateleza naye, akasimama, akaangushwa tena, na hakumwachia. Mimi nilikuwa kwenye tope mpaka mapajani nawatupia wenzangu wa kwenye ukingo, na sijui nilikuwa napiga kelele gani. Wakubwa tukawagawa kwa kila aliyekanyaga udongo. Wadogo tukawaweka kwenye bidoni, kivulini, warudi bwawani maji yakijaa tena.

Jioni mama mkwe aliwapika kwa nyanya na mawese aliyoletewa kutoka ng'ambo. Tulikula nje, kila mtu na sahani yake, mikono bado inanuka tope. Dereva wa lori alikuwepo, akala, akanyonya vidole, akamgeukia mama mkwe na kumuuliza kwa heshima kama anaweza kufika kwake, chini ya Bwera, amwonyeshe mahali pa kuchimba.

"Uko na jiko upande gani?" mama mkwe akamuuliza.

Dereva hakuelewa. Mama mkwe akasogeza kigoda chake karibu na kumweleza tangu mwanzo, na mimi nikaongeza samaki kwenye sahani ya kila mmoja.